Fimbo ya Mama Aimée

Fimbo ya kwanza ilikuwa ya mpera, imenyooka, haina jicho wala ufa, na Papa Valentin aliikataa kabla hata hajaishika vizuri.

"Muti umekataa," akasema, akaitupa kwenye rundo la kuni.

Kwa mtu asiyekaa Nyabiondo, maneno hayo mawili si kitu. Lakini pale kilimani kila mwenye shamba alijua kwamba Valentin Kasika akishasema muti umekataa, mjadala umefungwa. Mzee huyu ametengeneza mipini ya majembe kwa miaka thelathini na minane. Mteja awe mkali namna gani, akiambiwa mti umekataa anafunga mdomo wake na kurudi nyumbani kungoja mwingine, maana mpini wa kulazimisha utamvunjikia mkononi katikati ya tuta la maharage, na hapo atamlilia nani? Hata mkewe, Mama Aimée, ambaye hana desturi ya kunyamaza mbele ya mtu yeyote, padri akiwemo, aliyaheshimu maneno hayo.

"Bon," akasema mkewe. "Utafute ingine. Leo iko lundi. Vendredi asubuyi tunaenda." Zilibaki siku nne kufika Ijumaa.

"Nitatafuta."

"Utafute mbio, Papa Aimée."

Alikuwa na haki ya kuhimiza. Binti yao Aimée, mtoto pekee waliyebaki naye, ameolewa Walikale na kijana anayeitwa Samy, na tumbo lake lilikuwa limeingia mwezi wa nane. Miaka miwili nyuma mimba ya kwanza ilitoka, na siku hiyo Aimée alilia peke yake chumbani, mama yake yuko mbali, Samy yuko njiani na pikipiki yake. Safari hii alipiga simu mapema. Hakuzunguka. Alisema tu, "Mama, kuya. Sitaki kuwa peke yangu." Mama Aimée akaanza kukunja vitenge simu ikiwa bado sikioni.

Shida ni njia. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimekula barabara. Kilalo, daraja la kuvukia mto upande wa Kashebere, kilichukuliwa na maji, mbao na misumari vyote, na pikipiki zilikuwa zinafika pale na kugeuza kichwa. Ilibaki miguu. Siku nne kwa mtu mwenye mapafu mazuri, mzigo mgongoni, mkanda wa mzigo kwenye paji la uso. Mama Kahambu, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale sokoni, alikuwa anapeleka chumvi na sabuni Walikale pamoja na wapagazi wake, akatangaza kwamba anayetaka kufuatana nao ajiunge. Sharti lake lilikuwa moja. "Kila muntu na fimbo yake," alisema. "Njia iko butelezi, mito imejaa. Mimi nabeba chumvi. Sibebi muntu."

Kwa hiyo bila fimbo hakuna safari. Na fundi wa miti wa Nyabiondo nzima ni mume wako, unalala naye kitanda kimoja. Nani angefikiri fimbo itakuwa shida?

Sasa niseme ukweli, maana sipendi kuwaficha. Mti ule haukukataa. Aliyekataa ni Valentin.

Alikuwa anaogopa. Zamani, mwaka wa kukimbia vita, Aimée akiwa bado anabebwa mgongoni, watu walijaa barabarani kama siafu, na katika msukumano ule Valentin aliuachia mkono wa mkewe kwa dakika moja tu ili afunge mzigo uliolegea. Alipoinua kichwa, hayupo. Yeye akaishia Mubambiro. Mkewe akaishia Kirotshe, kando ya ziwa. Ukiwa na utulivu, kutoka Mubambiro hadi Kirotshe unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wao iliwachukua siku kumi na moja. Siku kumi na moja Valentin aliuliza kila uso uliopita, mwanamke mwembamba, kitenge cha kijani, mtoto mgongoni, mpaka watu wakaanza kumkwepa. Alipompata anafua nguo kwenye maji, alitupa mzigo wake. Alikaa chini kwenye mawe, akatetemeka.

Tangu hapo Mama Aimée hakuwahi kulala mbali naye hata usiku mmoja. Na Valentin hakuwahi kumwambia mtu kwamba hizo siku kumi na moja bado zinamrudia.

Je, angeweza kwenda naye? Goti la kulia aliliumiza alipoanguka kutoka mtini, na tangu hapo likipanda mlima linalalamika. Halafu kuna haya. Binti akikaribia kuzaa, anayeitwa ni mama yake, kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumshika mkono. Baba anakaa nyumbani anangoja habari. Mwanaume anayejipeleka mlangoni kwa mama mzazi, yaani aliyejifungua, anachekwa mpaka na mbuzi. Valentin hakuweza kusema usiende, kwa sababu Aimée ni mtoto wake pia, na alikuwa anamwonea huruma. Hakuweza kusema twende. Basi mdomo wake ukapata njia ya tatu, ambayo haikupita akilini kwanza.

Jumanne Mama Aimée akaja na fimbo ya mkahawa, ameikata mwenyewe pembeni ya shamba. Ilikuwa nzito kidogo lakini ya kuaminika. Valentin akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kama daktari.

"Iko na mududu ndani."

"Mududu wapi? Mimi sisikie kitu."

"Weye unasikiaka miti?" akauliza, kwa upole kabisa. "Muti umekataa, Mama Aimée."

Mchana akaleta ya mkaratusi. Ile itapasuka kwenye jua. Akaleta mwanzi. Mwanzi una sauti, utaamsha nyoka njia nzima. Mama Aimée akashika kiuno, akautazama mwanzi, akamtazama mume wake, akautazama tena mwanzi. Aliondoka akisema peke yake kwamba mwaka huu hata miti imepata magonjwa.

Na katika siku hizo hizo, oneni kichekesho cha moyo wa mtu, Valentin alikuwa anamwandalia mkewe safari kuliko mtu mwingine yeyote. Mkanda wake wa mzigo aliushona upya, mara mbili, kwa uzi wa nailoni, na mahali unapogusa paji la uso akaweka kipande cha blanketi kisimchubue. Viatu vyake vya plastiki alivitoboa matundu maji yatoke. Alimtwangia unga wa mihogo kwa mikono yake, kazi ambayo majirani hawajawahi kumwona akiifanya, na alipokutwa na mchi mkononi akajifanya anaupima. Kila kitu alitengeneza. Fimbo tu.

Jumatano alikuja Callixte, jirani mfuga ng'ombe, mtu mrefu mwenye kofia ambayo haivui hata akila. Alikuwa amesikia shida ya Mama Aimée, akaleta fimbo yake mwenyewe, ile laini iliyokolea jasho la mkono, ambayo hampi mtu kuishika ovyo.

"Mama Aimée atembee na hii," akasema. "Atanirudishia."

Valentin alijua thamani ya alichopewa. Aliizungusha fimbo ile mkononi na kwa kweli haikuwa na dosari. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, macho yanang'aa, tayari kusema aksanti.

"Hii iko fimbo ya kufwata ngombe," Valentin akasema. "Mama Aimée hafwate ngombe. Iko mwepesi sana kwa muntu wa muzigo."

Callixte akaichukua fimbo yake bila kujibu. Lakini alipofika kwenye ua akamwita Valentin kwa kidole, akainama mpaka ukingo wa kofia ukamgusa.

"Valentin, weye unatafuta fimbo ao unatafuta sababu?"

"Nenda kwa ngombe zako."

"Nitaenda. Lakini bibi yako si mujinga. Akijua, sitakuya kuamua ugomvi wenu."

Alhamisi asubuhi Mama Aimée hakuleta fimbo yoyote. Aliingia kwenye karakana, akatazama mafungu ya mipini yaliyopangwa ukutani, akachomoa mmoja wa jembe kubwa, akaupiga chini mara mbili.

"Hii itatosha."

Papa Valentin akasimama. "Mupini?"

"Mupini, ndiyo. Nikifika nitaulima udongo wa Samy."

"Mama Aimée! Utaingia Walikale na mupini wa jembe? Watu watasema bibi ya Kasika alikosa fimbo?"

"Bibi ya Kasika amekosa fimbo," akasema mkewe. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma. "Siku ine. Mutoto wangu ananingojea. Kesho nitaenda, na mupini, na kijiko, na kidole changu. Nitaenda."

Hapo Valentin aliona haya ya kweli. Haya ya mtu aliyemwona mkewe akiwa tayari kuvuka mito iliyofurika na mpini mfupi wa jembe, huku yeye, mwenye mikono ya kumlinda, amekaa anagonga miti na kusingizia wadudu. Alichukua panga, akatoka bila kofia.

Hakutafuta. Mti alikuwa anaujua. Kulikuwa na mpera mchanga juu ya kijito, umekua kivulini ukitafuta jua, kwa hiyo umenyooka kwa hamu yake wenyewe. Aliukata, akaumenya gamba, akaupitisha juu ya moto taratibu huku akiugeuza, akaukandamiza kwa goti zima penye mpindo mdogo. Akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa laini. Akaupaka mawese. Papa Valentin hatumii mita. Mtu akisimama mbele yake mara moja, urefu wake unaingia mikononi na hautoki. Hata waliokufa bado anaijua mipini yao. Fimbo ya mtu wa mzigo inafika kwapani, si zaidi, si pungufu, na mikono yake ilikata bila yeye kufikiri. Kichwani mwake hakukuwa na vipimo. Kulikuwa na njia, na mto, na mkono unaoachia mkono.

Saa tisa alirudi nyumbani, akampa.

Mama Aimée aliisimamisha kando yake. Ikapita kwapa. Ikapita bega. Ikafika juu ya kitambaa alichojifunga kichwani.

Kuku aliingia, akaona hali, akatoka.

"Hii iko ya nani?" akauliza Mama Aimée.

Valentin akaichukua ili aone kosa liko wapi. Alipoisimamisha, kichwa cha fimbo kikaingia chini ya kwapa lake na kutulia pale, sawasawa, kama mtu aliyefika kwake.

"Papa Aimée," mkewe akasema taratibu. "Miaka yote hii. Weye haukosaka kipimo."

Naye Valentin, ambaye angeweza bado kusema mkono umechoka, umri umefika, moshi uliniingia machoni, alimwangalia mkewe na uongo ukamwishia.

"Naogopa," akasema. "Ni ile tu. Ukitoka hapa kwenye mulango, mimi niko tena Mubambiro, nauliza batu. Muti haukukataa. Hakuna muti ulikataa hata moya. Ni mimi."

Mama Aimée alikaa kwenye kigoda. Halafu mvua ya maneno ikanyesha.

"Siku ine! Siku ine, Valentin! Mimi nalala nawaza miti yote ya Nyabiondo imeoza! Nimesali rozari juu ya miti! Callixte analeta fimbo yake, ile hata bibi yake hagusi, unamuambia ngombe! Juu ya nini haukusema?"

"Nilisikia haya."

"Haya ya nani? Yangu? Mimi njo nilikuona unatetemeka kwenye mawe kule Kirotshe. Mimi njo niliona." Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, kwa hasira, kama anayefuta kitu alichowekewa na mtu mwingine. "Mimi pia siku zile kumi na moya nilikufa. Unazani nilikuwa nafua nguo? Nilikuwa nangoya maji inichukue, mutoto njo alinikamata."

Hilo Valentin hakuwahi kulisikia. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa amebeba hizo siku peke yake, kwenye kitanda kimoja.

"Sasa unataka nini?" akauliza mkewe.

"Nataka kwenda na weye."

"Na goti?"

"Goti itakuya pia. Siwezi kuiacha."

Mama Aimée alijizuia kucheka, akashindwa nusu. "Na kwa mama muzazi utafanya nini, mwanaume muzima?"

"Nitachota maji. Nitapasua kuni. Nitakaa inje, sitaingia."

Aliitazama ile fimbo ndefu, akamtazama mwenyewe. Kisha akasimama, akajifunga kitenge upya.

"Kata yangu," akasema.

Valentin alitoka. Alirudi jua halijasogea hata upana wa mkono, na fimbo ya mpera iliyofika kwapani kwa mkewe kama iliota pale. Mama Aimée akaishika, akaigonga chini, akalitazama jua, akamtazama mume wake.

"Nusu saa," akasema.

Valentin akaangalia vidole vya miguu yake.

Ijumaa mbele ya kanisa Mama Kahambu alipomwona na mzigo mgongoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Papa Valentin! Weye njo unaenda kuzaa?" Wapagazi wakacheka, Callixte aliyekuja kuwaaga akacheka chini ya kofia, na Valentin akasema ndiyo, anasikia uchungu tangu jana, wampishe njia. Kucheka kulikwisha baada ya mteremko wa kwanza, kwa sababu tope halina mzaha na mtu.

Siku ya kwanza goti lilinyamaza. Siku ya pili walivuka mto pale kilalo kilipokuwa. Waliingia majini mmoja mmoja, fimbo imechomekwa upande yanakotoka maji, mguu mmoja unahama, wa pili unangoja, na Valentin alikuwa nyuma ya mkewe akiangalia ile fimbo ya mpera ikikaza chini ya uzito wake bila kutikisika. Alisikia fahari, na alisikia aibu kwamba karibu amnyime. Mama Aimée alipotoka ng'ambo aligeuka akampungia, maji yakimtiririka, anacheka kama msichana.

Baada ya hapo ilikuwa milima, na goti likaanza maneno yake. Mama Aimée hakuuliza kitu. Ila kila kilima, wakifika nusu, alisimama na kusema kwa sauti ya kuugua, "Aah, nimechoka, tupumuzike." Mwanamke huyu huwa anapanda shamba la juu na gunia la mihogo mgongoni huku anaimba. Valentin alikaa chini kila mara, akajifanya ameamini, akampenda zaidi.

Walifika Kibua jioni ya siku ya tatu, nyuma ya wenzao. Mjane mmoja, Mama Emérence, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliwapa chumba na sombe, kisamvu cha moto. Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama kichwa cha mtoto. Na walipokuwa wanalikanda kwa maji ya moto, Mama Kahambu akaja mbio kutoka upande wa shule, simu mkononi. Samy alikuwa amepiga. Aimée ameanza kuumwa. Bado wiki tatu, lakini ameanza. Anaita mama yake.

"Mimi naenda sasa hivi," Mama Kahambu akasema. "Tukikaza, tunalala Mpofi, kesho mchana tuko Walikale. Mama Aimée, unaenda?"

Mama Aimée alikuwa anaendelea kukanda lile goti, anazamisha kitambaa, anakamua, anaweka, na kila mara anakamua kwa nguvu zaidi, maji yameshakwisha bado anakamua.

"Tutaenda pole pole," akasema. "Mimi na Papa Aimée. Kama goti itashuka, kesho tutaenda."

Valentin aliutazama uso wake. Alijua kama anavyojua mti: asipofungua mdomo sasa, mwanamke huyu hatamwacha. Atakaa hapa Kibua anakanda goti, na Aimée atashika ukuta peke yake mara ya pili. Ilikuwa ni kukaa kimya tu. Alikuwa amepata kile alichokitafuta wiki nzima, na hakuombwa hata kusema uongo.

"Mama Aimée, nenda."

"Hapana."

"Nenda. Minakuambia nenda."

"Na weye?"

"Mimi niko hapa, kwa Mama Emérence, nyumba ya tatu kutoka kwenye shule. Mara ile hakuna muntu alijua mwenzake iko wapi. Leo unajua fasi yangu, na mimi najua fasi yako." Akampokonya kitambaa. "Mutoto anakuita. Kamata fimbo yako."

Mama Aimée aliweka kiganja chake chenye maji ya moto kwenye shavu la mume wake, mbele ya Mama Kahambu, mbele ya wapagazi, mbele ya kila mtu, jambo ambalo wazee wa kwao hawafanyi. Kisha akainua mzigo, akaweka mkanda kwenye paji la uso, akachukua fimbo yake na kuondoka. Hakusimama hata kilima kimoja kupumzika. Valentin aliburuta goti mpaka kwenye ukingo wa ua, akamtazama akipanda mbele ya wapagazi, mbele ya Mama Kahambu mwenyewe, mpaka msitu ukammeza.

Nisiwadanganye kwamba hofu iliisha. Haikuisha. Siku hiyo hakula. Siku iliyofuata Mama Emérence, aliyechoka kumwona akitazama njia, alimtupia majembe mawili yaliyolegea akamwambia atengeneze au ahame. Valentin akatengeneza yale mawili, halafu ya majirani, halafu kitanda cha mtu. Mikono ilifanya kazi na moyo ulikuwa njiani, ukihesabu vijito. Simu ya Mama Emérence, ambayo Mama Aimée aliondoka na namba yake, ilikuwa inapata reseau, yaani mtandao, karibu na uwanja wa shule tu, kwa hiyo fundi alihamishia kazi yake pale, akakaa na visiki vyake pembeni ya goli.

Siku ya tatu, saa kumi, wanafunzi wakicheza mpira, simu ikalia. Aliishika kwa mikono miwili.

"Papa Aimée," sauti ikasema. "Nilifika. Nilifika kabla. Alinikamata mukono usiku muzima mpaka asubuyi, vidole vyangu haviko vyangu tena. Sikia."

Akasikia. Kilio chembamba, chenye hasira, cha mtu aliyeingia duniani leo na hajapendezwa.

"Iko musichana," mkewe akasema. "Na Aimée iko muzima. Anakula. Anamutukana Samy. Iko muzima kabisa."

Valentin alijaribu kusema jambo la maana, jambo la babu. Mpira ulipita karibu naye, wanafunzi wakaja kuuchukua, wakasimama kumtazama mzee mzima machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, simu imebanwa sikioni, na hakujificha.

"Papa Aimée?" Sauti ya mkewe ikapanda kidogo. "Valentin? Uko?"

"Niko," akasema.

"Unalia?"

"Ndiyo."

"Bon. Lia kwanza," akasema Mama Aimée, na yeye pia alikuwa analia. "Ukimaliza, kuya pole pole. Sisi tuko."